Viatu vya Kitambaa vya Kichina: Anza na Soli

Mtu anayetafuta viatu vya kitambaa vya Kichina kwa kawaida huanza kutazama juu: weusi wa kitambaa, mdomo wa duara, vipande viwili vya lastiki vilivyoshonwa pembeni, au ule ukanda mwembamba unaokatiza juu ya mguu katika viatu vya kike. Nami nilianza hivyo hivyo, nikapoteza pesa. Jozi yangu ya kwanza ilitoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika kuwa soli yake ni ya pamba iliyoshonwa kwa mkono; ilipofika Nakuru nikaigeuza, nilikuta plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu, yenye vidoti vilivyoigiza mishono, wala hapakuwa na hata uzi mmoja ambao kucha ingeweza kuuinua. Kitambaa hakikuwa na kasoro yoyote. Tangu siku hiyo kiatu chochote cha aina hii mimi hukipokea kikiwa kimepinduliwa.

Haya ninayoyaandika yanamhusu anayejifunza michezo ya Kichina ya mapigano, yaani kungfu, wushu au taiji, katika Nakuru, Kisumu, Eldoret, Kakamega na miji ya jirani, na pia yule asiye na nia ya kupigana na mtu yeyote ila anataka kiatu chepesi cha kuvaa kazini na nyumbani. Mchezaji wa karate au judo hana haja nacho ukumbini, kwa kuwa michezo hiyo huchezwa miguu mitupu.

Soli za aina mbalimbali

Soli yenye heshima kubwa kuliko zote ni ile inayoitwa kwa Kichina qiancengdi, yaani soli ya matabaka elfu. Elfu hapo ni sifa tu. Vipande vya kitambaa cha pamba hupakwa uji wa wanga na kubandikwa kimoja juu ya kingine, vikakaushwa, vikakatwa kwa umbo la unyayo, kisha matabaka thelathini na zaidi hushonwa pamoja kwa uzi mnene wa katani unaovutwa kwa nguvu hadi soli yote iwe ngumu kama ubao mwembamba, na hatimaye hupigwa nyundo ili ilale sawasawa. Duka la Neiliansheng la Beijing, lililoanzishwa mwaka 1853 na ambalo ufundi wake uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya taifa ya Uchina ya urithi wa utamaduni usioshikika, hujivunia mishono 81 katika eneo la mraba ambalo kila upande wake una sentimita tatu na kidogo. Ukikitazama kiatu cha namna hiyo kwa ubavu, utaona matabaka meupe yamelaliana kama chapati iliyokunjwa na fundi wa kweli. Ukikitazama kwa chini, utaona safu za mafundo ya uzi halisi, na ukikwaruza fundo moja kwa kucha litainuka kidogo. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, nacho hakihitaji ujuzi wowote.

Sifa ya soli hii ni kwamba inanyonya jasho, haichemki, na baada ya wiki mbili au tatu za ugumu hujikunja kwa kufuata mguu wa mwenyewe. Aibu yake ni maji. Beijing ni kukavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini Nakuru tuna mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na Kakamega mvua huweza kumnyeshea mtu alasiri karibu miezi yote. Soli ya pamba ikilowa huvimba, wanga wake hulainika, na ikikauka hupinda kama kipande cha kadibodi kilichoachwa nje. Kwa hiyo anayenunua soli hii kwa matumizi ya barabarani katika upande wetu wa nchi ajue ananunua kiatu cha ndani, au ajiandae kumpelekea fundi wa viatu ambaye atakibandika utando mwembamba wa mpira chini. Mtu asione haya kufanya hivyo, kwa maana wavaaji wa Beijing wenyewe wamekuwa wakipeleka viatu vyao kwa mafundi wa kando ya barabara vibandikwe mpira mbele na kisiginoni. Mwambie fundi aweke mpira wa unene usiozidi milimita mbili au tatu, na akatae kishawishi cha kutumia kipande cha tairi. Tairi ni zuri kwa akala, lakini hapa litakipa kiatu uzito na ugumu ambao ndio ulioukimbia.

Soli ya pili ni ya mpira mwembamba, nyeusi au ya kahawia, iliyounganishwa na kitambaa kwa joto au kwa mshono. Hii ndiyo ningempendekezea mtu anayenunua jozi moja tu. Inavumilia lami yenye maji, inaoshwa, inapinda vizuri ikiwa ni mpira kweli, na bado unahisi ardhi chini ya mguu. Ndugu yake huitwa niujindi, soli ya ukano wa ng'ombe, ingawa hakuna ng'ombe aliyehusika: jina limetokana na rangi yake ya asali na mnyumbuko wake unaofanana na ukano uliochemshwa. Ni nyepesi na hudumu, na ndiyo inayopatikana katika viatu vingi vya kila siku vinavyouzwa kwa jina la viatu vya kitambaa vya Beijing ya kale.

Ya tatu ni plastiki, ambayo huwekwa katika viatu vya bei ya chini kabisa. Sitasema isinunuliwe, maana mwanafunzi anayeanza anaweza kuwa na uwezo wa hiyo tu, lakini ijulikane kuwa inateleza vibaya kwenye vigae vyenye maji, inakakamaa asubuhi za baridi, na hupasuka pale mbele ambapo kiatu hupinda. Kuitambua ni rahisi: kunja kiatu kwa mikono miwili mahali vidole vinapoanzia. Mpira hupinda kimya kimya na kurudi. Plastiki hukataa, kisha huacha mstari mweupe palipokunjwa.

Kuna pia raba za turubai zinazovaliwa na wachezaji wa wushu, na maarufu kati yake ni Feiyue, jina lenye maana ya kuruka mbele, ambazo zilianza kutengenezwa Shanghai mwishoni mwa miaka ya 1950. Hizi si viatu vya kitambaa kwa maana ya jadi, kwa sababu zina kamba na soli nene zaidi ya mpira, lakini kwa mtu anayeruka, kutua na kukimbia uwanjani zinafaa kuliko kile kiatu cha kuchomeka. Mnunuzi asichanganyikiwe akikuta bei mbili zilizoachana sana kwa jina hilo moja: mwaka 2006 lilianza kutumiwa pia Ufaransa kwa viatu vya mitindo, ambavyo vimekatwa tofauti na havikukusudiwa mazoezi.

Sakafu unayochezea

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, tembelea mahali unapofanyia mazoezi na uikague sakafu, kwa sababu soli inayofaa hapa huumiza pale. Kumbi nyingi za kukodi katika miji yetu, ziwe za kanisa au za kijamii, zina simenti iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Juu ya simenti kama hiyo soli ya pamba hufanya kazi ya ajabu: inashika kiasi cha kukusimamisha na kuachia kiasi cha kukugeuza. Katika taiji na katika mitindo mingi ya kungfu mchezaji hugeuka juu ya kisigino au juu ya sehemu ya mbele ya unyayo mara nyingi katika zoezi moja. Soli ikiganda sakafuni wakati kiuno kimekwisha kugeuka, tofauti hiyo huenda kumalizikia gotini. Maumivu ya ndani ya goti ambayo wanafunzi huyalaumu juu ya umri au juu ya mwalimu, wakati mwingine ni ya raba mpya yenye meno makali iliyovaliwa kwenye vigae vikavu. Ukiona hivyo, tafuta soli laini isiyo na michoro mirefu.

Mbao, kama zile za jukwaani, zinapokea soli zote isipokuwa plastiki. Nyasi zinahitaji mpira, kwa kuwa umande wa asubuhi unatosha kuiharibu pamba. Changarawe huitafuna soli ya pamba kama panya anavyotafuna gunia, na katika muda mfupi mafundo ya uzi yatakatika na matabaka ya chini yataanza kufumuka. Anayefanyia mazoezi nje kando ya Ziwa Nakuru akumbuke migunga: mwiba wake hautajali kama kiatu chako kina matabaka thelathini au mia. Katika tambarare za Kano karibu na Kisumu, ule udongo mweusi ukilowa hushika soli na kuongezeka hatua kwa hatua hadi mtu anatembea juu ya matofali. Hapo ushauri wangu ni kubeba viatu mfukoni na kuvivaa mlangoni pa ukumbi.

Vumbi nalo lina neno lake. Husemwa kuwa jina la Nakuru linatokana na Kimaasai na kwamba maana yake ni mahali pa vumbi. Ukweli wa jambo hilo utauona kwenye ukingo mweupe wa soli baada ya siku moja ya Januari. Kama weupe huo ndio uliokuvutia, chagua soli yenye ukingo mweusi au wa kahawia.

Kupima mguu

Inasimuliwa kuwa duka lile la Neiliansheng lilikuwa na daftari lenye vipimo vya miguu ya maafisa wa dola ya Qing, iliyotawala Uchina zama hizo, na kwamba aliyetaka kumpa mkubwa wake zawadi ya viatu alikwenda kuuliza dukani badala ya kumwomba mkubwa avue soksi. Kikundi cha mazoezi kinachoagiza pamoja kingefanya vyema kuwa na daftari kama hilo, kwa sababu makosa mengi ya kuagiza hutokea kwenye namba.

Simama wima juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito wako wote ukiwa juu ya mguu huo. Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba, kisha pima urefu kwa milimita. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili na uchukue ule mrefu. Pima jioni, hasa ukiwa Kisumu, kwa kuwa mguu uliotembea katika joto mchana kutwa huwa umejaa kuliko ulivyokuwa asubuhi. Viatu vya Kichina mara nyingi huandikwa urefu wa mguu kwa milimita: 240, 245, 250 na kuendelea. Ili kupata namba ya Ulaya, chukua sentimita, zidisha kwa mbili, toa kumi. Mguu wa sentimita 25 huvaa 40, wa 25.5 huvaa 41, na wa 26 huvaa 42, ambayo katika maduka yetu mengi inajulikana kama namba 8. Usimtumie muuzaji hiyo namba 8 peke yake, mtumie milimita.

Upana ndio unaotusumbua zaidi. Mtu aliyekulia katika patipati, akala au miguu mitupu huwa na mguu uliotanuka mbele, na kiatu chembamba kitamlazimisha kununua namba kubwa ambayo kisigino chake kitapwaya. Tazama ndani ya kiatu au kwenye sanduku: baada ya urefu huandikwa namba ndogo katika mabano, kwa mfano 1.5, 2 au 2.5, na kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo kiatu kinavyokuwa kipana. Wauzaji wengi hawaitaji mpaka waulizwe.

Kumbuka pia kuwa kitambaa hulegea. Kiatu kipya kiukamate mguu pande zote bila kuuminya, na vidole vinyooke bila kugonga mbele. Kikikutosha kwa raha dukani, baada ya mwezi kitaanza kukuvuka unapopiga teke. Viatu vya zamani vilishonwa bila tofauti ya kushoto na kulia, na baadhi ya vya bei nafuu hadi leo vina tofauti ndogo mno. Ukiviona hivyo usifikiri umeuziwa viatu viwili vya mguu mmoja. Vivae siku chache na kila kimoja kitachagua upande wake.

Mahali pa kununua na namna ya kukagua

Katika maduka ya michezo ya Nakuru na Kisumu utapata njumu na raba kwa wingi, lakini kiatu cha kungfu huonekana kwa nadra. Njia ya kwanza ni kumuuliza mwalimu, kwa sababu walimu wengi huagiza kwa pamoja na wana jozi kadhaa za kujaribia. Njia ya pili ni maduka ya bidhaa za Kichina, ambako viatu hivi hukaa kwenye rafu ya ndara na wala si ya michezo. Ya tatu ni mitumba. Jumapili katika soko la Kibuye, Kisumu, mtu mwenye subira anaweza kuokota raba za turubai nzuri kabisa, lakini soli ya pamba ya mtumba usiiguse: imekwisha kujikunja kwa mguu wa mtu mwingine, na jasho lake limo ndani ya matabaka ambayo hayafuliki.

Ukiagiza mtandaoni, majina ya Kichina yatakusaidia kuliko maelezo marefu. Buxie ni kiatu cha kitambaa, gongfuxie ni kiatu cha kungfu, taijixie ni cha taiji. Ukiwa na rafiki anayejifunza Kichina, kwa mfano katika Taasisi ya Confucius iliyoko Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, au ile ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwombe akusomee maelezo ya soli katika ukurasa wa muuzaji. Omba picha tatu: soli kwa chini, ukingo kwa ubavu, na ndani ya kiatu. Muuzaji anayetuma tena na tena picha ya juu peke yake amekwisha kujibu swali lako. Kwa mzigo unaotoka Uchina moja kwa moja, uliza mapema kama bei ina ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 ndani yake, kwa sababu kiatu cha bei ndogo huweza kugeuka ghali kikifika. Mawakala wengi wa ndege hutoza kwa kilo, na viatu hivi ni vyepesi, kwa hiyo watu sita wakiunganisha jozi zao hupata nafuu kubwa. Kwa muuzaji wa Nairobi anayetuma parseli kwa matatu au basi, mimi hupendelea kulipa kwa M-Pesa baada ya kufungua mzigo mbele ya mtu wa ofisi ya parseli, na anayekataa utaratibu huo namwacha.

Mzigo ukifika, baada ya kupindua na kukunja, chunguza kitambaa. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe uliobaki ukining'inia ndani ya mshono, toka nje, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Poliesta haimaanishi kiatu kibaya, ila katika joto la Kisumu mguu utachemka, na bei inapaswa kuwa chini. Kitambaa cha mahameli hupendeza lakini hukusanya vumbi. Kodrai ni ngumu na ya joto, inafaa Molo na Eldoret zaidi ya kando ya ziwa. Ingiza mkono ndani na upapase bitana mpaka mbele, ukitafuta fundo au ncha ya uzi mgumu, kwa kuwa mguu usio na soksi utaliona kabla yako. Vuta lastiki mara tano. Ikibaki imelegea, rudisha.

Kuvivaa kila siku

Mwalimu anayesimama darasani, mhudumu wa duka, au mtu wa ofisini atavifurahia viatu hivi, mradi asianze kwa siku nzima. Havina kisigino wala mto wa kuinua upinde wa unyayo, kwa hiyo misuli ya shavu la mguu na ukano wa nyuma ya kisigino hufanya kazi ambayo viatu vya kawaida vilikuwa vimeichukua. Anza na saa moja au mbili, ongeza polepole, na mwenye maumivu ya kisigino atie kisoli cha ndani chenye mto. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisi miguuni asivivae nje hata kidogo bila kumwuliza daktari, maana soli nyembamba inaruhusu msumari kuingia na yeye asijue. Kwenye bodaboda navyo ni hatari, kwani havizuii joto la ekzosi wala haviulindi mguu ukigusa lami.

Kuvitunza

Soli ya pamba haizamishwi majini. Ngoja tope likauke, pigapiga viatu viwili soli kwa soli, piga brashi kavu, kisha futa kitambaa cha juu kwa nguo yenye unyevu kidogo. Mvua ikikuwahi, jaza magazeti ndani, badilisha magazeti baada ya saa chache, na uviweke kivulini penye upepo vikiwa vimelala ubavu. Jua kali hufifisha weusi na kukausha gundi kabla matabaka hayajakauka ndani, na moto wa jiko ni mbaya zaidi. Vya mpira huoshwa kwa mkono, sabuni kidogo, maji baridi. Aliye na jozi mbili akizibadilisha siku kwa siku atakuta kila moja inakauka jasho vizuri na harufu haipati nafasi.

Kagua soli kila mwezi chini ya sehemu ya mbele, palipo na mgeuko. Mafundo ya uzi yakianza kukatika huku matabaka bado yameshikana, huo ndio wakati wa kwenda kwa fundi kubandika mpira. Ukingoja mpaka tabaka la chini lining'inie, gundi haitakuwa na kitu cha kushika.